Kuchagua Mfumo wa Kutunza Historia ya Programu: Mwongozo kwa Timu za Bonde la Kilombero

Chukua mfano huu. Mtego wa taa umetegwa usiku nne katika nyumba moja kijijini. Usiku wa kwanza umenasa mbu 40, wa pili 60, wa tatu betri ikaisha chaji mapema, wa nne 50. Programu ya kukokotoa wastani ikiuhesabu usiku wa tatu kuwa sifuri, itatoa mbu 37.5 kwa usiku. Ikiuruka, itatoa 50. Tofauti yote hiyo imebebwa na mstari mmoja wa msimbo. Miezi sita baadaye ripoti mbili za mradi huohuo zinapingana, na watu wanaulizana: nani aliubadilisha mstari ule, lini, na kwa sababu gani?

Timu yenye mfumo wa kudhibiti matoleo hulijibu swali hilo kwa dakika moja. Timu isiyo nao hufungua folda na kukuta uchambuzi_mwisho, uchambuzi_mwisho_2 na uchambuzi_mwisho_kabisa, kisha huanza kubahatisha. Wahenga walishasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na msimbo ni mali.

Mwongozo huu ni wako wewe unayeandika programu Ifakara na kwingineko bondeni: mchambuzi wa data katika utafiti wa malaria, mtaalamu wa TEHAMA hospitalini au halmashauri, kijana anayetengeneza programu ya kurekodi mpunga unaoingia ghala la ushirika, mwanafunzi aliyekuja kwa mafunzo kwa vitendo. Ninachotaka ukishike ni hiki: chagua mfumo ambao wenzako wanautumia, unaofanya kazi bila mtandao, na ambao siku ukilazimika kuuhama utaondoka na historia yako yote. Mengine ni mapambo.

Tenganisha mfumo na mahali pa kuhifadhi

Watu wengi husema "tunatumia GitHub" wakiwa wamechanganya vitu viwili. Git ni mfumo, yaani programu ya bure unayoisakinisha kwenye kompyuta yako, na inafanya kazi hata kama hujawahi kufungua akaunti popote. GitHub ni kampuni, mali ya Microsoft tangu 2018, inayokuhifadhia ghala la msimbo kwenye seva zake. Unaweza kutumia Git na ghala lako likakaa GitLab, au Codeberg kama mradi wako ni wa msimbo huria, au kwenye kompyuta iliyo chini ya meza ofisini kwenu. Kwa hiyo una maamuzi mawili mbele yako. Anza na mfumo, mahali pa kuhifadhi patafuata.

Mifumo yenyewe ni ya aina mbili. Ya zamani, kama CVS na Subversion, huweka historia yote kwenye seva moja. Kompyuta yako hubeba toleo la sasa tu, na ukitaka kuhifadhi hatua mpya au kuangalia mstari fulani ulikuwaje mwaka jana, lazima uifikie seva. Mifumo iliyogatuliwa humpa kila mshiriki ghala zima: kila hatua, jina la aliyeiweka, tarehe na maelezo yake. Ukiwa Mlimba au Malinyi bila mtandao unaendelea kuhifadhi hatua, kulinganisha matoleo na kufungua tawi jipya la kazi. Mtandao ukirudi, mnabadilishana mlichofanya.

Kwetu jambo hilo ni la lazima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipata hitilafu chini ya bahari, na intaneti ikayumba nchini kwa siku kadhaa. Bondeni hatuhitaji hata kungoja nyaya za baharini. Masika yakikolea, maji yakafunga barabara na umeme ukakatika, mnara wa simu nao huweza kuzimika. Mfumo unaosimama kila mtandao unaposimama utaila miezi ya kazi yenu kila mwaka.

Kuna tahadhari moja. Nakala zilizo kwenye kompyuta tano si hifadhi salama ikiwa kompyuta zote hulala chumba kimoja. Ugatuzi unakupa uwezo wa kuwa na nakala nyingi. Kuziweka mahali tofauti ni kazi yako.

Jifunze kwa miradi iliyotangulia

Programu tatu zinazohusiana na afya ya watu wa bonde hili zimeshapita njia unayotaka kupita.

Ya kwanza ni DHIS2, inayobeba taarifa za MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya, kutoka zahanati hadi wizarani. Inaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na hapa nchini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mchango mkubwa hadi ikaenea mikoa yote mwaka 2013. Kwa miaka mingi msimbo wake ulitunzwa kwa Bazaar, mfumo wa kampuni ya Canonical, kwenye tovuti ya Launchpad.

Ya pili ni ODK, ambayo wakusanya data wengi wameizoea kwenye simu na vishikwambi. Ilianzia Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, na msimbo wake ulitunzwa kwa Mercurial, ukihifadhiwa kwenye huduma ya Google Code.

Ya tatu ni OpenMalaria, programu ya kuiga mwenendo wa malaria katika jamii, iliyotengenezwa na Taasisi ya Tropiki na Afya ya Jamii ya Uswisi. Hiyo ndiyo taasisi ambayo maabara yake iliyoanza miaka ya 1950 mjini Ifakara ilikua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Kazi za awali za OpenMalaria zilitumia mpangilio wa misimu ya maambukizi uliopimwa Namawala, hapahapa Kilombero. Nayo ilihifadhiwa Google Code.

Mwaka 2015 Google ilitangaza kuifunga Google Code, na Januari 2016 ikafungwa. Bazaar nayo ikapungukiwa na waendelezaji. Leo programu zote tatu zinatunzwa kwa Git na zimehifadhiwa GitHub. Kuhama kulikuwa na usumbufu wake, lakini mwandishi aliyekuwa na nakala ya Bazaar au Mercurial kwenye kompyuta yake alikuwa na historia nzima mkononi. Tovuti kufungwa hakukumnyang'anya kitu.

Mfano mwingine wa kuusoma kwa makini ni wa watunzaji wa lugha ya Python. Mwaka 2009 walizilinganisha Bazaar, Git na Mercurial hadharani. Waliorodhesha kazi wanazofanya kila siku, kama kurekebisha kosa dogo, kupokea msimbo wa mgeni na kutoa toleo jipya, kisha wakaonyesha kila mfumo unaifanyaje kila kazi. Wakachagua Mercurial, na kuhamia kukakamilika 2011. Sababu zao zilikuwa nzuri: amri za Mercurial zilieleweka haraka, imeandikwa kwa Python yenyewe, na Git ya wakati ule ilikuwa dhaifu kwenye Windows. Hata hivyo Februari 2017 walihamia Git na GitHub. Mozilla, waliokuwa na Mercurial tangu 2007, nao walitangaza mwaka 2023 kwamba utengenezaji wa Firefox utahamia Git.

Mercurial haikuharibika. Kilichobadilika ni kwamba wachangiaji wapya walikuwa wakija wakiwa wameshaijua Git. Kwa hiyo iga utaratibu wa Python wa kulinganisha kwa kazi halisi na kuandika sababu, na ukumbuke kwamba ubora wa mfumo peke yake haukushinda wingi wa watu.

Maswali matano ya kujibu kwanza

Kaeni pamoja, mjibu maswali haya kwa maandishi kabla mtu yeyote hajasakinisha kitu.

1. *Wenzetu wanatumia nini?* Hesabu washirika wa Dar es Salaam, Basel, Glasgow au Nairobi, wanafunzi mtakaowapokea mwaka ujao, na programu huria mnazozitegemea. Kijana anayefika kwa mafunzo kwa vitendo akiwa ameshafundishwa Git chuoni ataanza kazi siku ileile. Mkimpa mfumo asioujua, atahitaji mwalimu, na mwalimu huyo ni wewe.

2. *Kazi itaendaje bila mtandao, na bando litalika kiasi gani?* Kuchukua ghala kwa mara ya kwanza ndiko kunakokula bando. Baada ya hapo mnabadilishana tofauti tu, ambazo kwa msimbo wa kawaida huwa ndogo sana. Ulizeni pia kama mfumo unaruhusu kubadilishana kwa flashi bila mtandao kabisa.

3. *Nani ataitunza seva?* Seva ya ofisini inahitaji umeme wa akiba, masasisho na mtu wa kuiamsha ikizimika Jumamosi. Kama mtu huyo hayupo, msijenge ratiba yenu juu ya seva hiyo.

4. *Tuna faili za aina gani?* Mifumo hii imetengenezwa kwa maandishi: R, Python, SQL, fomu, maelezo. Huonyesha mstari kwa mstari kilichobadilika. Faili la Excel, picha ya mbu chini ya darubini au dodoso la Word halionyeshwi hivyo, na kila toleo jipya linaongeza uzito wa ghala.

5. *Siku ya kuhama tutaondokaje?* Kama jibu ni "tutaona wakati huo", rudieni swali hili.

Mifumo ya kuzingatia

*Git.* Linus Torvalds aliianza Aprili 2005, baada ya watengenezaji wa Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure mfumo wa BitKeeper. Tangu Julai mwaka huo imetunzwa na Junio Hamano. Ina kasi, ina watu wengi, na karibu kila chombo cha kuandikia msimbo, RStudio na VS Code vikiwemo, kinaitambua. Ukikwama saa tano usiku utampata mtu aliyewahi kukwama palepale.

Udhaifu wake ujue mapema. Amri zake ni nyingi na baadhi hufanana majina huku zikifanya kazi tofauti, kwa hiyo wafundishe wageni amri chache za kila siku na uache nyingine zisubiri. Kwenye Windows na Linux mwisho wa mstari huandikwa tofauti, na bila kupatana tangu mwanzo faili zima linaweza kuonekana limebadilika kumbe hakuna aliyeligusa. Faili la .gitattributes lenye kanuni moja ya mwisho wa mistari hulimaliza tatizo hilo. Kubwa zaidi kwetu, uchukuaji wa ghala ukikatika katikati Git huanza upya kutoka sifuri. Kwa ghala kubwa, chukua kwanza toleo la mwisho tu kwa `git clone --depth 1`, kisha ongeza historia kidogokidogo mtandao ukitulia. Au mwombe mwenzako akupe ghala zima kwa flashi.

*Mercurial.* Ilitangazwa mwezi uleule wa Aprili 2005. Amri zake zina mpangilio mzuri, na anayeanza hujifunza kwa haraka. Tatizo ni mahali pa kuhifadhi: Bitbucket, iliyoanza kwa ajili ya Mercurial, iliacha kuihudumia mwaka 2020, na wenye maghala huko wakalazimika kuyahamisha. Ichague kama mshirika wako mkuu anaitumia na atakusaidia. Kuianza upya leo ukiwa peke yako ni kujitenga.

*Fossil.* Huu ni mfumo ambao timu ndogo nyingi hazijausikia, na unastahili kusikika. Aliyeutengeneza ni D. Richard Hipp, mwandishi wa SQLite, na msimbo wa SQLite wenyewe umetunzwa humo tangu 2009. Fossil ni faili moja la programu, bila usakinishaji wa kusumbua. Ghala lako lote nalo ni faili moja la SQLite. Ndani yake mna orodha ya makosa ya kurekebishwa, kurasa za maelezo na ukurasa wa kutazamia historia, na vyote hufanya kazi bila intaneti. Kuhifadhi nakala ni kunakili faili hilo kwenye flashi. Kwa timu ya watu wawili watatu wanaotengeneza mfumo wa ndani wa duka la dawa, shule au ghala la mpunga, bila mshirika wa nje, Fossil inatosha kabisa. Upungufu wake ni uleule wa watu: wachache wanaijua, na vyombo vingi vya kuandikia msimbo haviitambui.

Bazaar ipo kwa jina la Breezy, iliyochipuka kutoka kwake, na Darcs bado ina wapenzi wake. Kwa mradi mpya bondeni sioni sababu ya kuanza na yoyote kati ya hizo. Subversion inaweza kukufaa ikiwa kazi yenu yote ni faili kubwa zisizo za maandishi na seva iko jengo lilelile. Nje ya hapo, iacheni.

Jaribu kabla ya kuapa

Msichague kwa kusoma peke yake, hata mwongozo huu. Tengeni siku moja, kompyuta mbili, moja ya Windows na nyingine yoyote mliyo nayo, na msimbo wenu halisi. Kisha fanyeni haya kwa kila mfumo mnaoufikiria:

1. Anzisheni ghala, muweke msimbo, muhifadhi hatua ya kwanza. Hatua moja iliyohifadhiwa tutaiita komiti.
2. Zimeni mtandao. Kila mmoja arekebishe kitu tofauti na kuhifadhi komiti mbili.
3. Mkiwa bado hamna mtandao, badilishaneni kazi kwa flashi.
4. Rekebisheni wote wawili mstari uleule kwa njia tofauti, kisha muunganishe. Mfumo utagoma na kuwaonyesha mgongano. Angalieni kama mtu wa timu asiye mzoefu anaelewa anachoonyeshwa.
5. Tafuteni nani aliandika mstari fulani na kwa nini.
6. Rudisheni programu ilivyokuwa komiti tatu nyuma, kisha mrudi mbele.

Kwa Git, hatua ya tatu ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Mwenye msimbo anaandika:

`git bundle create mradi.bundle --all`

Linatokea faili moja lenye historia yote. Unalinakili kwenye flashi, na flashi inasafiri kwa bodaboda, kwa basi la Malinyi linalovuka daraja la Magufuli, au kwa treni ya TAZARA hadi Mlimba. Mpokeaji anaandika:

`git clone mradi.bundle`

Sasa ana ghala kamili. Safari inayofuata hahitaji kubeba yote, anatengeneza faili la komiti mpya peke yake. Mercurial ina amri ya aina hiyohiyo. Kwa Fossil unanakili faili la ghala.

Mfumo utakaopita hatua zote sita mikononi mwa mtu wenu mgeni kuliko wote ndio wa kuuchagua. Msiupimie kwa fundi wenu hodari, maana yeye angeweza hata kwa zana mbovu.

Kabla ya komiti ya kwanza: taarifa za watu zibaki nje

Hapa nakuomba usiharakishe. Mifumo hii imetengenezwa isisahau. Ukiweka leo faili lenye majina ya wakuu wa kaya, namba za simu, majibu ya vipimo au alama za GPS za nyumba, kisha kesho ukalifuta, litakuwa limetoka kwenye toleo la sasa tu. Katika historia bado limo, na kila aliyechukua nakala analo. Kulitoa kunahitaji kuiandika historia upya na kuwafuata wote wenye nakala. Kama ghala lilikuwa wazi kwa umma, hesabu kwamba limeshachukuliwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na ina masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi. Seva za GitHub haziko Tanzania. Hata ghala ulilolifunga lisionwe na umma, likiwa huko, liko nje ya mipaka.

Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi chochote:

- Weka data kwenye folda yake, na uiandike folda hiyo kwenye faili la .gitignore ili mfumo usiichukue kamwe.
- Andika maelezo ya muundo wa data: majina ya safu, maana ya kila namba, vipimo. Maelezo hayo yaingie ghalani.
- Tengeneza data ndogo ya kubuni, yenye kaya kumi zisizokuwepo, ili mgeni aweze kuendesha msimbo bila kugusa taarifa za mtu.
- Nywila za seva ya DHIS2 au ya ODK zisiandikwe ndani ya msimbo. Ziweke kwenye faili la pembeni ambalo nalo limo kwenye .gitignore. Nywila iliyowahi kuingia kwenye historia ibadilishwe siku hiyohiyo, hata kama imeshafutwa.

Mama wa Lupiro aliyekubali mtego utegwe chumbani kwake na akajibu maswali juu ya watoto wake ameikabidhi timu kitu kikubwa kuliko namba. Kumlinda ni sehemu ya kuandika programu.

Kisha amua pa kuhifadhi

Kwa msimbo usio na taarifa za watu, GitHub au GitLab zinafaa, na kwa timu ndogo hazina malipo. Zijue kanuni zao: GitHub haipokei faili linalozidi MB 100, na tangu tarehe 13 Agosti 2021 haikubali nywila ya kawaida pale unapotuma msimbo kwa Git. Lazima uwe na ufunguo wa SSH au tokeni. Mwelekeze kila mgeni hilo siku ya kwanza, kwa kuwa ndipo wengi hukata tamaa.

Usiamini kwamba mlango huo utakuwa wazi siku zote. Mwaka 2019 GitHub iliwazuia watengenezaji wa Iran, Syria na Crimea kutumia baadhi ya huduma kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Wenye nakala kamili kwenye kompyuta zao walibaki na kazi yao. Waliotegemea tovuti kwa orodha za makosa na maelezo ya mradi walipata shida zaidi, maana vitu hivyo haviko ndani ya Git. Ndiyo maana mambo ya maana ya mradi, sababu za maamuzi na maelekezo ya usakinishaji, yaandikwe kwenye faili ndani ya ghala.

Mkiwa na mtu wa kuitunza, seva ndogo ya ofisini yenye Gitea au Forgejo inatosha timu nzima, hata ikiwa ni Raspberry Pi yenye betri ya akiba. Kasi yake ndani ya jengo haitegemei bando. Muitumie kwa kazi ya kila siku, na nakala itumwe nje ya Ifakara kila wiki.

Kanuni chache za kuanza nazo

Mfumo mzuri hauokoi timu isiyo na desturi. Andikeni kanuni hizi kwenye faili la kwanza la ghala, na mzifuate wote, mkubwa na mdogo.

*Komiti moja, jambo moja.* Ukirekebisha hesabu ya mitego na kubadilisha rangi za grafu, hizo ni komiti mbili.

*Maelezo yaeleze sababu.* Neno "marekebisho" halimsaidii mtu. Linganisha na hili: "Usiku ambao betri ya mtego iliisha usihesabiwe sifuri, uandikwe kuwa hauna data. Wastani wa Februari utapanda." Anayesoma mwaka ujao hatahitaji kumpigia mtu simu. Na kama timu yenu huwaza kwa Kiswahili, andikeni kwa Kiswahili. Maelezo yanayoeleweka na wote wanaoyatumia yana thamani kuliko Kiingereza cha kubabaisha. Pakiwa na mshirika asiyejua Kiswahili, chagueni lugha moja na mshikamane nayo.

*Tawi kuu liwe zima.* Kilichomo kiwe kinaendeshwa bila kuvunjika. Majaribio yafanyike kwenye tawi jingine, na mtu wa pili ayasome kabla ya kuunganishwa.

*Kila ripoti iwe na alama.* Siku mnapotuma ripoti wizarani au makala kwenye jarida, wekeni alama kwenye komiti iliyotoa namba hizo. Mkiulizwa miaka mitatu baadaye, mnarudi hapohapo.

*Daftari za Jupyter zisafishwe matokeo kabla ya kuhifadhiwa*, na majedwali madogo ya rejea, kwa mfano orodha ya vijiji na namna majina yake yanavyoandikwa, yawe CSV badala ya Excel, ili tofauti zionekane.

Uamuzi wangu, na hatua ya mwisho

Kama una washirika nje ya Ifakara, unatumia programu huria, au unapokea wanafunzi, chagua Git. Kwa timu nyingi za bondeni jibu ni hilo. Kama mko wachache, mradi ni wa ndani, na hamna mtandao wa kutegemea wala mtu wa seva, jaribuni Fossil kwa moyo mweupe. Kama mshirika mkuu yuko Mercurial, mfuateni huko huku mkiwa na mpango wa kuhama. Kama leo mna Subversion inayofanya kazi, msiivunje katikati ya mradi. Hamieni Git mradi ukiisha, mkichukua na historia.

Andikeni uamuzi wenu kwenye ukurasa mmoja: mmechagua nini, mmeacha nini, kwa sababu gani, na lini mtautazama upya. Mwaka mmoja unatosha.

Halafu fanyeni jaribio la makabidhiano. Mpeni ghala mtu ambaye hakushiriki mradi, kwa flashi, bila mtandao na bila nyinyi kukaa pembeni yake. Mwambieni aendeshe programu kwa data ya kubuni, atoe jedwali la mwisho, na awaeleze ni nani aliyeamua usiku usio na data uhesabiweje. Akishindwa, mmepata orodha ya kazi ya wiki ijayo: ongezeni maelezo pale alipokwama na mrudie na mtu mwingine. Akiweza, mradi wenu utaendelea hata ninyi mkihamishwa vituo vya kazi.